Teja wa Uswahilini, "Mgonjwa" wa Ushuani: Unga Ule Ule, Majina Mawili

Kile kipande cha video kimeanza kuzunguka tena wiki hii. Wadau wanakijua. Msanii aliyewahi kutamba miaka ya 2000, jina halina haja ya kutajwa, amekaa kwenye ukingo wa mtaro. Kichwa kinainama taratibu mpaka kinakaribia magoti, kinashtuka, kinainuka, kinainama tena. Anayerekodi anacheka. Anamwita kwa jina la jukwaani na kumwomba aimbe ule wimbo uliomtoa. Jamaa anajaribu. Mstari wa kwanza tu unamshinda.

Hukumu zikamiminika kama kawaida. Kajitakia. Pesa ilimlevya. Nani alimshikia bunduki? Mtangazaji mmoja wa redio, mtu mzima kabisa na ndevu zake, akatumia nusu saa nzima ya kipindi kueleza kwamba tatizo la vijana hawa ni "kukosa kujitambua". Baada ya hapo yakaja matangazo ya bia, halafu ya kubeti.

Lakini ukiitazama ile video kwa kutulia, msanii siye anayetisha zaidi. Nyuma yake wanapita watoto watatu wa shule ya msingi na mabegi yao mgongoni. Hakuna hata mmoja anayegeuka. Mtu mzima anasinzia mtaroni saa nane mchana na watoto wa miaka tisa wanampita kama wanavyopita nguzo ya umeme. Kwao ni sehemu ya mtaa. Ndivyo alivyopita yeye pia alipokuwa na umri wao, mtaa huo huo, kwenye mtaro huo huo ambao haujawahi kufunikwa.

Sasa weka pembeni yake kijana wa pili. Huyu hana video. Baba yake ana biashara zinazojulikana mjini, nyumba iko upande wa baharini, geti linafunguka kwa rimoti. Naye alianza na vile vile vya "kuchangamsha pati", akapanda mpaka akafika kwenye unga. Wakati mwenzake anaiba betri ya gari ili anunue kete, yeye alikuwa anauza saa za baba yake moja moja, na zilichukua muda kuisha. Siku alipoanguka chooni, dereva wa nyumbani alimpeleka hospitali binafsi kwa mlango wa nyuma. Wiki mbili baadaye alikuwa ndani ya ndege. Ndugu waliambiwa amekwenda kusoma. Alirudi baada ya miezi minane, amenenepa, anang'aa, akafunguliwa ofisi. Leo anaalikwa kwenye makongamano kuzungumzia ujasiriamali, na akiulizwa kuhusu ile miaka anasema alipitia "kipindi kigumu".

Unga ulikuwa ule ule. Mmoja alipitia kipindi kigumu, mwingine ni teja.

Na hawa wawili wanatoka manispaa moja, Kinondoni, ambayo ina Masaki na Oysterbay na pia ina Tandale na Mwananyamala. Ukiwa na haraka na barabara haina foleni, unatoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine kabla wimbo wa tatu haujaisha kwenye redio ya gari.

Mpaka huo ulipangwa. Wajerumani na baadaye Waingereza waliigawa Dar es Salaam kwa rangi: Uzunguni upande wa bahari wenye upepo na bustani, Uhindini katikati, Uswahilini kule Kariakoo na Ilala. Pale Mnazi Mmoja pakaachwa uwazi ili Mwafrika na Mhindi wasikaribiane sana. Uhuru ulipokuja mwaka 1961 sheria za rangi ziliondoka, ila viwanja havikuhama. Aliyekuwa na nafasi ya kununua upande wa bahari alinunua. Wengine waliongezeka kwenye maeneo yasiyopimwa, chumba juu ya chumba, na mpaka leo zaidi ya nusu ya wakazi wa jiji wanaishi huko.

Mtaa usiopimwa unamlea mtoto kwa namna yake. Nyumba ina vyumba sita na familia sita. Mtoto wa kiume akifika miaka kumi na minne hawezi tena kulala chumba kimoja na mama na dada zake, kwa hiyo anatoka. Anaenda wapi? Geto la kaka wa jirani, au maskani. Uwanja wa mpira uliokuwepo umeliwa na fremu za maduka. Maktaba hakuna. Kilichobaki cha bure ni kijiwe, na kijiwe kina wenyewe. Wapo wanaocheza drafti, wapo wanaonyoa, yupo wa bodaboda, na yupo yule anayekaa kimya mwenye viatu vizuri kuliko wote. Shule imemwangusha, kazi hakuna, na yule wa viatu vizuri ndiye peke yake anayemwita "mdogo wangu" na kumnunulia chipsi. Halafu mtangazaji mwenye ndevu anauliza kwa nini bwana mdogo hakujitambua!

Kwa yule wa geti la rimoti, pusha ni namba ya simu. Kwa huyu, pusha ni jirani. Anamsalimia mama yake asubuhi, "Shikamoo mama", na mama anaitika. Wakati mwingine ndiye aliyechangia msiba wa babu. Mama anajua, mjumbe anajua, na kila mtu anajua kwamba kila mtu anajua. Kuacha unga katika mtaa wa namna hiyo ni kama kumwambia mtu aache ugali huku anaishi jikoni.

Na unga wenyewe haukuota Kinondoni. Unatoka mashamba ya kasumba ya Afghanistan, unashushwa pwani ya Makran upande wa Iran na Pakistan, unapakiwa kwenye majahazi na kukata Bahari ya Hindi mpaka upwa huu. Aprili 2014 meli ya kivita ya Australia ilikamata jahazi moja baharini, mashariki ya Mombasa, likiwa na kilo 1,032 za heroini. Jahazi moja tu. Desemba 2023 mamlaka ya dawa za kulevya Tanzania ikatangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini katika operesheni iliyofanyika Dar es Salaam na Iringa. Mtu anayelala mtaroni hana jahazi. Hana kontena wala wakala wa forodha. Mwenye navyo hakai kijiweni, na ukipiga mahesabu ya kodi za nyumba utajua anakaa upande gani wa barabara.

Lakini kamera hazimfuati huyo. Februari 2017, majina yaliposomwa hadharani jijini, orodha ya kwanza ilisheheni wasanii. Wafanyabiashara na wanasiasa walifuata baadaye, na wao walikwenda na mawakili. Msanii alikwenda na miwani ya jua. Mji mzima ulisherehekea wiki ile kana kwamba heroini inatengenezwa studio.

Wamarekani waliwahi kuuandika ubaguzi huu waziwazi kwenye sheria. Mwaka 1986 walipitisha kwamba gramu 5 za kokeini ya kuvuta iliyopikwa, ile ya mitaa ya watu weusi maskini, zina kifungo cha chini sawa na gramu 500 za kokeini ya unga, ile ya maofisini na kwenye pati za matajiri. Mia kwa moja, na dawa ni ile ile. Ilibaki hivyo hadi mwaka 2010, na hata walipoirekebisha hawakuifanya sawa kwa sawa. Huku kwetu sheria haijaandika uwiano wa namna hiyo. Hauhitajiki. Difenda linajua njia ya kwenda kijiweni, na likifika getini linakutana na mlinzi anayesema mzee amesafiri.

Wapo watakaosema hapa: mbona kaka yake hakuwa teja? Mama mmoja, chumba kimoja, mtaa mmoja, na kaka mtu anaendesha bodaboda na hagusi hata sigara. Ni swali la haki, tena ndilo linalopendwa zaidi na wanaomcheka. Jibu lake liko kwenye dimbwi. Nyumba iliyo karibu na dimbwi lenye mbu ina watoto watano, wawili wanaugua malaria na watatu wanapona. Hakuna mwenye akili anayesema kwamba wale wawili hawakujitambua, au kwamba dimbwi halina kosa kwa sababu watatu wako salama. Wanafukia dimbwi. Kaka mtu alipata kitu kimoja ambacho mdogo wake hakupata: mjomba aliyemchukua Morogoro akiwa na miaka kumi na tatu na kumrudisha akiwa na leseni ya udereva. Walikuwa wawili, nafasi kwa mjomba ilikuwa moja.

Na hoja ya pesa je? Inasemwa alipata hela za shoo akazichoma. Kweli alipata. Alipata akiwa na miaka ishirini na moja, hana akaunti ya benki, mkataba kausainia bila kuusoma, na hela zote zikamkuta kwenye mtaa ule ule. Mtaa uliomlea ukaja kudai chake: marafiki kumi na mbili wa kula naye, nusu yao wanabwia, na umaarufu unaotaka awe macho saa tisa usiku na mchangamfu saa tatu asubuhi. Kokteli ya kwanza, bangi iliyonyunyiziwa unga, alipewa nyuma ya jukwaa na mtu anayeitwa promota. Promota huyo bado anafanya kazi. Subiri, atarudi huko chini.

Kuna jambo lingine ambalo wanaopenda neno "kujitakia" wangelitafakari. Vita vya Vietnam, mwaka 1971, Wamarekani waligundua kwamba wanajeshi wao wengi walikuwa wanatumia heroini, iliyokuwa bei rahisi kule na safi kupindukia. Mtafiti Lee Robins aliwafuatilia. Karibu mmoja kati ya watano alikuwa ameshakuwa mraibu akiwa vitani. Serikali ikajiandaa kupokea jeshi la mateja. Haikutokea. Kati ya wale waliokuwa waraibu, asilimia 5 hivi tu ndio waliorudia uraibu ndani ya mwaka wa kwanza nyumbani, na hata baada ya miaka mitatu walikuwa kama 12 kwa mia. Mwili ulikuwa ule ule, mishipa ile ile. Kilichobadilika ni mahali. Waliondolewa penye unga, hofu na kukaa bure, wakarudi kwa wake zao, kazi zao na jikoni kwa mama zao.

Msanii wa mtaroni yeye hana pa kurudi. Mahali alipoharibikia ndipo nyumbani.

Ndiyo maana kauli ya "apelekwe sobahausi" haitoshi, ingawa ni afadhali kuliko kicheko. Alishapelekwa, mara mbili. Mara ya kwanza wasanii wenzake walichanga. Mama yake, anayeuza vitumbua na maandazi, akalipa ada ya miezi miwili iliyofuata, halafu mtaji ukaisha na biashara ikafungwa. Mtoto akatolewa kabla ya muda kwa sababu ya deni. Akarudi chumba kile kile. Yule mwenye viatu vizuri alimpa kete ya kumkaribisha, bure, kama ndugu.

Na hapa ndipo watu wanapokufa, bila mtu kuwaambia ukweli. Aliyekaa miezi bila kutumia, mwili wake umeshasahau kuhimili. Akirudia kipimo alichokuwa anatumia zamani, pumzi inapungua taratibu mpaka inakata. Wengi huenda katika wiki za mwanzo baada ya kutoka gerezani au sobahausi. Mtaani watasema "alizidisha". Hakuzidisha. Alichukua cha siku zote, akiwa si mtu wa siku zote.

Ipo njia nyingine, na Tanzania inastahili sifa kwa hilo. Mwaka 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni, na Mwananyamala na Temeke zikafuata. Mtu anakunywa dawa mbele ya mhudumu, arosto inatulia: yale maumivu ya mifupa, kutapika, kuharisha, makamasi na miayo isiyoisha. Anaacha kujidunga, kwa hiyo anaachana na sindano za kuchangia ambazo zimewaambukiza virusi vya Ukimwi na homa ya ini wenzake wengi. Dawa yenyewe ni bure.

Nauli sio bure. Dawa hiyo kwa kawaida inanywewa kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Anayekaa Mwananyamala anatembea. Anayekaa pembezoni, Chanika au Bunju, anapanda magari mawili kwenda na mawili kurudi, kila siku, mwaka mzima, bila kazi. Akipata kibarua cha saa kumi na mbili asubuhi lazima achague: kibarua au dawa. Akichagua dawa, hana hela. Akichagua kibarua, jioni arosto inampokea mlangoni, na kete iko nyumba ya tatu. Hesabu hiyo hata profesa angeifeli.

Watu wanaodhani mazingira hayana nguvu wakumbuke viroba. Pombe kali kwenye kipakiti cha plastiki, bei ya chenji, unaficha kwenye soksi. Konda alikuwa navyo, mwanafunzi alikuwa navyo. Kwa miaka mingi ilisemwa ni suala la maadili na malezi. Machi 2017 vikapigwa marufuku, na wale waliokuwa wanalewa kabla ya saa nne asubuhi wakalazimika kutafuta hela ya chupa. Chupa ndogo zilikuja kuchukua nafasi, ndiyo, wafanyabiashara hawalali. Ila hakuna aliyebadilishiwa maadili siku ile. Kilichobadilika ni kifungashio na bei.

Kwa nini basi wepesi wa kucheka? Kwa sababu kicheko ni rahisi, na huruma yenyewe imegeuzwa kiki. Mwaka juzi staa mmoja mkubwa alikwenda kumtembelea mwenzake huyu na kamera tatu, godoro na katoni ya juisi. Alimkumbatia, akalia kidogo, akamwambia mama mtu, "Mama, huyu ni ndugu yangu, sitamwacha." Video ikatazamwa kupita kiasi. Namba ya simu aliyomwachia mama haikupokelewa tena. Godoro liliuzwa wiki ile ile, na kila mtu mtaani anajua liliuzwa kwa nani na kwa kete ngapi. Nauli ya miezi sita isingependeza kwenye video. Haina sura. Huwezi kuikumbatia.

Sasa kuna habari mpya, na ndiyo iliyofufua ile video. Msanii yuko kwenye methadoni, siku ya arobaini na tatu. Kaka wa bodaboda anampeleka kila alfajiri kabla ya kuanza kazi, na anamrudisha kwa shangazi yao, mbali na mtaa, ambaye amempa chumba cha uani. Amenenepa. Wiki iliyopita alimwomba kaka yake gitaa.

Promota naye akapata habari. Yule yule. Ametangaza shoo ya "kurudi kwa mfalme", Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kiingilio pamoja na bia moja. Mahali: baa iliyo mita chache kutoka kwenye ule mtaro, kwa sababu, anasema, "mashabiki wanataka kumwona alipotokea". Shoo itaanza saa nne usiku na kumalizika majogoo, saa ambazo kaka mtu anawasha pikipiki kwenda kliniki. Malipo ni taslimu, mkononi, usiku ule ule, kwa mtu mwenye siku arobaini na tatu. Na video ya mtaroni ilisambazwa upya na nani? Tazama ilianzia kwenye ukurasa wa nani, wadau. Ina tangazo la shoo chini yake.

Promota amekwenda kwa mama mara mbili. Mara ya pili alibeba kilo tano za mchele na karatasi ya kusaini, akamwambia, "Mama yangu, hii ni bahati ya mwanao, watu wamemkumbuka." Mama alipokea mchele, maana mgeni hafukuzwi na alichobeba, akauliza kama shoo inaweza kuwa saa kumi jioni, ukumbi mwingine, na malipo yapitie kwa kaka yake kidogo kidogo. Promota alicheka. Alisema saa kumi jioni hakuna anayenunua bia.

Karatasi bado haijasainiwa. Iko chini ya kopo la sukari, nyumbani kwa mama. Mabango yameshabandikwa kuanzia Kinondoni hadi Mwenge, na picha waliyotumia ni ya mwaka 2006.